Bima ya bei nafuu kwa nyumba ya kontena, mbao au mabati Unguja na Pemba: mwongozo kamili

Kila masika yakikaribia swali hili linarudi: nyumba nyepesi nitaikatia wapi bima ya bei nafuu? Mtu ana nyumba ya kontena Jambiani, au ya mbao Micheweni, na kila anakouliza bima anakataliwa, au anatajiwa bei ya kumkatisha tamaa. Wengine yamewafika mazito zaidi: wamelipa, upepo umeng'oa paa, na walipokwenda kudai wakaambiwa bima waliyokata ni ya moto peke yake.

Kosa ni lile lile. Watu wanaanza na bei. Kampuni ya bima haijawahi kuiona nyumba yako. Inachokijua ni maelezo uliyoipa. Ukimwambia karani "nyumba ya mabati, iko pwani", anachokiona kichwani ni banda linalopaa, na bei anakutajia ya banda hilo. Mwongozo huu unageuza mpangilio: kwanza tunaifunga nyumba, pili tunakusanya ushahidi kwamba imefungwa, kisha ndipo tunauliza bei.

Nazungumzia nyumba nyepesi zote: kontena lililogeuzwa makaazi, nyumba ya mbao ya kufungua na kuhamisha, banda la mabati, na bangaloo la makuti. Mwenye nyumba ya matofali anaweza kuanzia hatua ya 3.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, au cha NIDA.
- Karatasi ya kiwanja: hati ya matumizi ya ardhi. Kama huna, hati ya mauziano iliyopita kwa sheha. Kama kiwanja ni cha kukodi, mkataba wako na mwenye kiwanja.
- Barua ya sheha inayosema nyumba iko shehia gani na ni ya nani.
- Kibali cha ujenzi, kama ulichukua.
- Risiti za kontena, mbao, bati, saruji na fundi. Zilizopotea, muombe fundi akuandikie makadirio na atie saini.
- Bili ya umeme ya ZECO, na jina la fundi aliyetandaza nyaya.
- Futi ya kupimia, simu yenye kamera, na daftari.
- Fundi seremala au mchomeaji kwa siku moja au mbili.

Jambo moja tuliondoe njiani mapema, hasa kwa wanaokodisha wageni. Ile bima ya dola 44 ambayo mgeni kutoka nje ya nchi analipia tangu Oktoba 2024 ni bima ya safari ya huyo mgeni. Paa lako halimo.

## Hatua ya 1: Ijue nyumba yako kwa jicho la kampuni

Chukua daftari uandike majibu ya maswali haya, kwa sababu utaulizwa yote:

Kuta ni za nini? Paa ni la nini, na bati ni geji ngapi? (Namba ikiwa ndogo bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko geji 32.) Nyumba imekaa juu ya nini? Imefungwa vipi na hicho ilichokalia? Iko mita ngapi kutoka maji yanapofika wakati wa bamvua? Kuna makuti yoyote, hata ya baraza tu? Nani anaishi humo, na hukaa tupu muda gani kwa mwaka?

Swali la makuti lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Nyumba yako ikiwa ya bati lakini imeungana na baraza la makuti, kampuni nyingi zitaihesabu yote kuwa ya makuti, kwa sababu cheche moja inatosha kuipitisha moto kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kama baraza hilo unalipenda, litenge na nyumba, liache uwazi wa kutosha, na uliombee bima yake mbali au uliache bila bima kabisa. Mimi ningeliacha. Makuti unaweza kuyaezeka upya kwa pesa ambayo bima yake ingeimaliza kwa miaka michache.

Hatua imekamilika pale unapoweza kuielezea nyumba yako kwa sentensi nne bila kutumia neno "kama" wala "takriban".

## Hatua ya 2: Funga nyumba chini kabla ya kuuliza bei

Hapa ndipo bei inaposhuka, na hapa ndipo watu wanaporuka.

Anza na hesabu ndogo. Mwendo wa upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara nne. Kwa hiyo paa lililovumilia kusi ya kila mwaka halijathibitisha chochote kuhusu dhoruba. Na upepo haulisukumi paa kutoka juu. Unalinyonya kwenda juu, hasa kwenye kingo na pembe. Ndiyo maana bati la kwanza kuondoka ni la pembeni.

Paa. Misumari laini hulegea kidogo kidogo kila bati linapotetemeka, mpaka siku moja inatoka yenyewe. Mwambie fundi aweke skrubu zenye mpira chini ya kichwa, na kwenye kingo na pembe azikaribishe zaidi kuliko katikati. Kisha afunge kila kenchi kwenye boriti ya ukuta kwa bendi ya chuma inayopita juu na kushuka pande zote mbili. Msumari mmoja wa kupigwa mshazari hautoshi.

Paa la baraza lisiwe mwendelezo wa paa kubwa. Upepo unaingia chini ya baraza kwa urahisi, na likiondoka linaondoka na lote. Litenganishwe, lenyewe liwe na boriti yake.

Kontena. Kuna watu wanaamini kontena halihitaji kufungwa kwa kuwa ni zito. Kontena tupu la futi 20 lina tani 2.2 hivi, na eneo lake la chini ni kama mita za mraba 15. Ukigawa, maji ya sentimita 15 tu yakilizunguka bila kupenya ndani yanatosha kuanza kulinyanyua. Samani na kuta za ndani zinaongeza uzito, na maji yakishaingia linatulia, lakini hapo tena umeshapata hasara nyingine. Anayekumbuka jinsi ziwa la Mwanakwerekwe lilivyokuwa likifunga njia wakati wa masika anajua kwamba sentimita 15 si kitu.

Kwa hiyo: nguzo za zege zenye nondo, ziinuke kupita alama ya maji ya mtaa wako. Alama hiyo usiikisie. Waulize wazee wa hapo maji ya mwaka mbaya yalifika wapi. Juu ya kila nguzo ya pembeni kuwe na bamba la chuma lililomwagiwa ndani ya zege, na pembe nne za kontena zichomelewe hapo au zifungwe kwa boliti. Na kama umeweka paa la bati juu ya kontena ili kupunguza joto, kumbuka hilo ndilo jepesi kuliko vyote. Lifungwe kwenye mwili wa kontena. Kulilaza na kulikandamiza kwa matofali ni kumwekea jirani kombora.

Nyumba ya mbao. Kila nguzo ya ukuta iungane na msingi kwa chuma cha pembe na boliti. Penye jiwe la matumbawe chini, toboa jiwe uzame na nondo. Jiwe linashika vizuri. Penye mchanga mtupu, kama sehemu nyingi za Paje na Bwejuu, nondo peke yake itachomoka, basi inahitaji bonge la zege zito chini yake.

Tahadhari ya chumvi. Pwani, chuma cha kawaida kinaliwa. Tumia kilichopakwa zinki, na kila mwaka kabla ya masika kagua boliti zote. Kampuni ikikuta kifungo kimeoza, hasara itaandikwa kuwa ya uchakavu, na uchakavu haulipwi na bima yoyote ninayoijua.

Mazingira. Punguza matawi ya mwembe yaliyoelemea paa, angua nazi na makuti makavu ya mnazi wa karibu, na zibua mtaro. Ni kazi ya asubuhi moja.

Sasa piga picha: nyumba kutoka pande nne, kila kifungo kwa karibu huku futi ikionekana, chini ya nyumba, ndani ya dari, mtaro, na umbali hadi pwani. Muombe fundi aandike karatasi moja inayosema amefunga nini, kwa vifaa gani, tarehe gani, kisha atie saini na namba ya simu.

Hatua imekamilika pale mtu asiyewahi kufika kwako anapoweza kuzitazama picha na kuona kilichoshika nyumba na ardhi.

## Hatua ya 3: Tafuta thamani ya kweli

Thamani inayotakiwa ni gharama ya kuijenga nyumba upya leo. Bei ya kiwanja haimo, maana upepo hauchukui kiwanja. Jumlisha kontena au mbao, usafiri hadi hapo (mwenye nyumba Pemba asisahau nauli ya kuvusha mzigo), vifaa, fundi, umeme na mabomba. Vitu vya ndani viorodheshe mbali.

Watu wanaandika thamani ndogo ili walipe kidogo. Tazama kinachotokea. Tuseme nyumba yako inagharimu shilingi 18,000,000 na wewe umeandika 9,000,000. Dhoruba inakuletea hasara ya 6,000,000. Unadhani utalipwa 6,000,000, kwa kuwa bado iko chini ya 9,000,000. Mikataba mingi ina kifungu cha kugawana: umekatia nusu ya thamani, basi utalipwa nusu ya hasara, yaani 3,000,000, na hapo bado hujakatwa sehemu ya kujibebea, yaani kiasi cha hasara ambacho mkataba unakuachia wewe.

Kuandika thamani kubwa kuliko kweli nako ni kutupa pesa. Utalipwa hasara uliyoipata tu.

Uliza pia kama fidia itakuwa kwa bei ya kitu kipya au kwa bei baada ya kupunguza uchakavu. Tofauti kati ya hizo mbili kwa bati la miaka kumi inaweza kuwa kubwa kuliko ada ya miaka mitatu.

## Hatua ya 4: Chagua pa kuuliza

Shirika la Bima la Zanzibar lipo tangu 1969, na wengi wanaanzia hapo kwa kuwa lina ofisi Unguja na Pemba. Kampuni kadhaa za Bara pia zinafanya kazi visiwani. Wote wanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ambayo ina ofisi yake Zanzibar.

Wasiotaka bima ya kawaida kwa sababu za dini wana takaful. Humo washiriki wanachangia mfuko wa pamoja wa kusaidiana na kampuni inauendesha kwa ujira unaojulikana. Lakini usiache kusoma masharti kwa sababu ni takaful. Dhoruba inaweza isiwemo huko pia.

Una milango mitatu ya kupitia. Wakala anauzia kampuni aliyosajiliwa nayo. Dalali wa bima anakufanyia kazi wewe na anaweza kukuletea bei za kampuni nyingi. Benki nazo siku hizi zinauza bima. Kwa nyumba isiyo ya kawaida kama kontena, ningeanza na dalali, kwa sababu nyumba hii haimo kwenye jedwali la bei la karani. Inahitaji mtu wa kuipigania kwa yule anayeamua. Muulize tu mapema kama kuna ujira utakaomlipa wewe.

Tahadhari. Muombe wakala au dalali usajili wake na uuhakiki TIRA. Leseni zina mwisho wa muda, na aliyekuwa halali mwaka juzi huenda leo si halali.

## Hatua ya 5: Tuma maombi yale yale kwa wote

Ukimwelezea huyu hivi na yule vile, bei zitakazorudi haziwezi kulinganishwa. Andika ujumbe mmoja, uutume sehemu tatu au nne. Mfano:

> Assalaam alaykum. Naomba bei ya bima ya mwaka mmoja kwa nyumba ya kuishi iliyopo Bwejuu, Mkoa wa Kusini Unguja. Ni kontena la futi 40, lina paa la ziada la bati geji 28 lililofungwa kwa skrubu. Limeinuliwa juu ya nguzo sita za zege na pembe zote nne zimechomelewa. Liko mita 120 kutoka maji ya bamvua. Hakuna makuti. Jiko la gesi liko nje. Familia inakaa humo mwaka mzima. Gharama ya kulijenga upya ni shilingi 28,000,000. Vitu vya ndani 6,000,000. Naomba kinga ya moto, radi, upepo mkali na dhoruba, mafuriko ya mvua, na maji ya bahari kupanda. Tafadhali kila kinga iandikwe bei yake mbali, pamoja na kiasi nitakachojibebea kwa kila moja. Nimeambatanisha picha, karatasi ya fundi na barua ya sheha. Ahsante.

Sentensi ya "kila kinga iandikwe bei yake mbali" ndiyo muhimu kuliko zote. Bila hiyo utaletewa namba moja ambayo hujui imebeba nini.

Usifiche kitu. Kama unakodisha wageni, sema, hata kama ni miezi miwili tu ya msimu. Bima ya nyumba ya kuishi ikigundulika inatumika kwa biashara, kampuni ina sababu ya kukataa dai zima. Kama unaishi Dar es Salaam, Muscat au London na nyumba inakaa tupu, sema pia: mikataba mingi inapunguza au kufuta kinga nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo. Mtaje mlinzi au ndugu anayelala hapo.

## Hatua ya 6: Soma bei uliyoletewa mstari kwa mstari

Weka majibu pembeni mwa mengine na utafute mambo haya. Usitazame jumla kwanza.

Neno la upepo. Msingi wa bima nyingi za nyumba ni moto na radi. Upepo na mafuriko huongezwa. Tafuta limeandikwa neno gani. "Kimbunga" peke yake ni kinga nyembamba mno kwetu. Visiwa vyetu viko nyuzi 5 hadi 6 na nusu hivi kusini mwa ikweta, karibu mno na ikweta kwa vimbunga vingi kujikusanya. Kinachoezua mapaa yetu mara nyingi ni upepo mkali wa mvua za masika au kusi iliyochacha. Hata Hidaya, kimbunga kilichotutia hofu sote, kilikuwa kimeshapungua nguvu kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Mwenye mkataba wa "kimbunga" angeweza kuambiwa siku ile hapakuwa na kimbunga. Unataka iandikwe "dhoruba na upepo mkali". Na kama kuna kiwango cha mwendo wa upepo, ujue ni kilomita ngapi kwa saa.

Maji yanatoka wapi. Mvua iliyopenya kwenye paa lililoezuliwa, mafuriko ya mtaani, na bahari iliyopanda ni vitu vitatu tofauti kwa kampuni. Mwenye nyumba Kojani au Nungwi anahitaji cha tatu; wa Kinuni anahitaji cha pili.

Kiasi cha kujibebea, ambacho mawakala wanakiita ekses. Hiki huandikwa kwa namba au kwa asilimia, na kwa dhoruba mara nyingi ni kikubwa kuliko kwa moto. Angalia asilimia ni ya nini. Asilimia 10 ya hasara ya 2,000,000 ni 200,000. Asilimia 10 ya thamani yote ya 28,000,000 ni 2,800,000, yaani hasara hiyo ya milioni mbili hutalipwa hata senti.

Visivyomo. Uzio, geti, tangi la maji, sola ya juu ya paa, dishi, na vitu vilivyoachwa nje huwa havimo mpaka uviombe.

Kuhama. Bima inafuata mahali palipoandikwa. Ukilihamisha kontena kutoka Fumba kwenda Matemwe bila kutoa taarifa, huna bima. Na likiwa kwenye lori au chomboni, hiyo ni bima ya usafirishaji, nyingine kabisa.

Kodi na tozo. Uliza kama zimo ndani ya bei.

Hatua imekamilika pale unapoweza kusema, bila kumpigia mtu simu: paa likiezuliwa kesho, nitalipwa nini na nitabeba nini.

## Hatua ya 7: Punguza bei bila kujidhuru

Bei ni asilimia ya thamani. Kwa mfano wa hesabu tu, 0.5% ya 18,000,000 ni shilingi 90,000 kwa mwaka. Kuipunguza kuna njia za salama na za hatari.

Ya kwanza ni kukubali kujibebea kiasi kikubwa zaidi kwa hasara ndogo ndogo. Bati mbili zikitoka, nunua mwenyewe. Bima iwe ya siku nyumba nzima inapokwenda. Lakini kiasi hicho kiwe pesa unayoweza kuipata ndani ya wiki moja.

Ya pili ni kwenda pamoja. Wenye makontena watano wa mtaa mmoja wakienda kwa dalali mmoja, wote wana picha na karatasi za fundi, wanasikilizwa kuliko mmoja. Kama una gari au vespa, uliza punguzo la kuweka vyote kampuni moja.

Ya tatu ni kurudi na karatasi ya fundi na kuuliza waziwazi: "Nikifanya nini zaidi, bei itashuka?" Wakati mwingine jibu ni kizimamoto cha mkononi na kuhamishia mtungi wa gesi nje. Hicho ni kitu cha kufanya hata kama bei haishuki.

Usiondoe dhoruba ili ubaki na moto. Usishushe thamani. Bima ya miezi mitatu ya masika inaonekana rahisi, ila ukigawa kwa mwezi mara nyingi ni ghali kuliko ya mwaka, na dhoruba haziangalii kalenda.

## Hatua ya 8: Lipa mapema na uhakiki

Kata bima Januari au Februari, kabla ya masika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatoa tahadhari ya dhoruba baharini, kampuni kwa kawaida zinasimamisha kupokea nyumba mpya, na hakuna wa kumlaumu.

Lipa kwa akaunti au namba ya malipo ya kampuni, kamwe si kwa simu binafsi ya wakala, hata akiwa mtoto wa shangazi. Bima haianzi mpaka ada ilipwe. Ukishalipa, unapaswa kupata kavanoti, yaani hati fupi ya kuthibitisha kwamba umekatiwa bima, yenye namba. Ihakiki kwenye mfumo wa TIRA mtandaoni. Kisha dai mkataba wenyewe, uusome, na uone kama maneno ya hatua ya 6 yamo. Yasipokuwemo, yarekebishwe sasa.

Ikiwa nyumba ina mkopo, tazama nani anatajwa wa kwanza kulipwa. Huenda ni benki.

Weka nakala ya kila kitu kwenye simu na kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine. Karatasi zilizomo ndani ya nyumba zitaloa pamoja na nyumba.

## Hatua ya 9: Upepo ukishapita

Watu kwanza, halafu toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa simu na kwa maandishi. Mkataba una muda wa mwisho wa kutoa taarifa. Ukipita, dai linakuwa gumu.

Piga picha kabla ya kufagia. Bati zilizong'oka zikusanye, usimpe mtu wa vyuma chakavu, maana mkadiriaji wa hasara atataka kuona skrubu zilizobaki. Funika kwa turubai kuzuia hasara isizidi na utunze risiti yake; kuacha mvua iendelee kuingia kunaweza kukukata sehemu ya fidia.

Pata barua ya sheha ya tukio. Kama kampuni inabishana kuhusu nguvu ya upepo, omba takwimu za siku hiyo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo ina vituo viwanja vya ndege vya Unguja na Pemba. Kipimo cha kiwanja cha ndege si cha kijiji chako, hivyo kiongezee picha za miti na nyumba za jirani.

Ukiletewa karatasi ya kupokea malipo ya mwisho na kiasi hukikubali, usitie saini. Andika malalamiko kwa kampuni, wasipokujibu nenda TIRA Zanzibar, na baada ya hapo kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

## Ukikataliwa kote

Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni moja katika tatu: makuti, ukaribu wa bahari, au karatasi za kiwanja. Mbili kati ya hizo zinaweza kutengenezwa.

Iliyobaki ikiwa ni bahari, omba bima ya vitu vya ndani peke yake pamoja na moto kwa nyumba, na ile ada ya dhoruba uliyokuwa tayari kuilipa iweke kila mwaka kwenye boliti, bendi na skrubu mpya. Baada ya masika mawili bila hasara, rudi kwa dalali yule yule ukiwa na picha za kila mwaka zenye tarehe.